Msaada wakuu: binti kachagua jaribio la Mpemba, maji ya moto yamegoma kuganda kwanza

#1 BabaTabata (mwanzisha uzi), Jumapili saa 3:20 usiku

Wakuu, habari za jioni.

Nina binti yuko darasa la tano. Shuleni kwao kuna maonyesho ya sayansi, siyo Ijumaa hii bali ile inayofuata, na kila mtoto apeleke jaribio moja la vitu vya jikoni. Karatasi waliyotuletea imeandikwa kwa herufi kubwa: MATOKEO YAONEKANE. Nusu ya darasa wanapeleka volkano ya siki na bikaboneti. Huyu wangu kasema volkano hataki. Babu yake alimsimulia habari za Mpemba, yule kijana wa Kitanzania aliyeona kitu cha moto kinaganda haraka kuliko cha baridi, basi kashikilia hapo hapo. Bango keshachora, kichwa cha habari kwa kalamu nyekundu: MAJI YA MOTO HUSHINDA.

Jana tukaanza. Vikombe viwili vya bati vinavyofanana, kimoja maji ya bomba, kingine maji yaliyochemka, vyote kwenye friza ya juu ya friji. Kweli bwana, ya moto yakaganda kwanza! Mtoto karukaruka, mama yake kaja kushuhudia, nikapiga na picha. Leo asubuhi tumerudia ili tuchukue video, yameshinda ya baridi. Mchana tumerudia tena, ya baridi. Jioni hii jaribio la nne luku ikaisha katikati, hiyo siihesabu.

Kwa hiyo tuna moja kwa mbili, na bango limeshaandikwa kwa kalamu isiyofutika. Kuna namna ya kuhakikisha ya moto yanashinda? Nitie chumvi kidogo kwenye yale ya baridi? Au nibandike ile picha ya jana tuyamalize? Mtoto kanuna, hata ubwabwa kaacha.

Naomba kuwasilisha.

#2 Kinyonga_mjini, saa 3:31 usiku

Wapemba ninaowajua mimi wana maduka hapa mtaani na maji yao ya baridi yako vizuri tu 😂

#3 BintiPwani, saa 3:44 usiku

Kaka, badilisha jaribio, muda bado upo. Chukua choya kavu ya sokoni, ngumi moja, loweka kwenye maji ya moto mpaka yawe mekundu kama divai. Mimina kwenye vikombe vyeupe vitano. Kimoja kamulia ndimu, wekundu unazidi kuwaka. Kingine tia magadi kidogo, yanageuka samawati halafu kijani mbele ya macho yako. Kingine maji ya jivu. Kingine sabuni. Halijawahi kugoma kwetu.

Manjano pia. Kanzu ya mume wangu ilidondokewa na mchuzi wa binzari Idi, nikapaka sabuni ya mche, doa likawa jekundu kama damu. Nilipiga kelele. Kumbe ndiyo sayansi yenyewe, manjano ikikutana na sabuni inageuka, ukisuuza na ndimu inarudi njano.

#4 Kinyonga_mjini, saa 3:50 usiku

Na jiki je? Ukiongeza jiki kwenye choya si rangi inapotea kabisa? Hiyo ndiyo shoo sasa.

#5 TichaMsingi, saa 3:58 usiku

Hapana! Meza hiyo ina ndimu na siki. Jiki ikikutana na siki au ndimu inatoa gesi ya klorini, inachoma macho na kifua. Jiki isikae meza moja na mtoto anayejifunza asidi, hata kwa utani. Na ile soda ya kutengenezea sabuni ya maji nayo ibaki dukani, ngozi haivumilii.

BabaTabata, kwako narudi baadaye, nasahihisha madaftari.

#6 BabaTabata, saa 4:05 usiku

BintiPwani asante sana dada, hiyo ya choya nimeipenda mimi mwenyewe. Nimempelekea akaniuliza: "Kwani Mpemba alibadilisha jaribio?" Nimeshindwa kujibu.

#7 Mstaafu_Lushoto, saa 4:40 usiku

Hakubadilisha. Tuiweke sawa hadithi, maana kila mtu anaisimulia kivyake.

Erasto Mpemba hakuanza na maji. Ilikuwa 1963, sekondari ya Magamba, huku huku kwetu Lushoto, yuko kidato cha tatu. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aisikrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaingiza kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Siku hiyo mwenzake mmoja kaona kuchemsha ni kuchelewa, kachanganya maziwa mabichi na sukari akaenda kuingiza. Mpemba naye kaona akisubiri ya kwake yapoe atakosa nafasi, akaingiza yakiwa moto vile vile. Baada ya kama saa moja na nusu wakafungua. Ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado uji. Akamwuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa umechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Akaja kumwuliza rafiki yake mmoja aliyekuwa anauza aisikrimu Tanga mjini. Huyo akamwambia mbona sisi tunaingiza za moto siku zote, zinawahi kuganda. Akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena darasani, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaishika. Akikosea hesabu tu, hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Siku moja akaja Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Dar es Salaam kutoa mhadhara. Kijana akasimama: ukichukua vyombo viwili sawa, kimoja maji ya nyuzi 35, kingine ya nyuzi 100, ukaviingiza kwenye friza, cha 100 kinatangulia kuganda, kwa nini? Wenzake wakamcheka. Osborne naye moyoni aliona kijana kakosea, lakini akaahidi atajaribu. Aliporudi Dar akampa kazi fundi wa maabara. Fundi akaleta jibu: ni kweli, yaliyoanza ya moto yametangulia, lakini usijali, tutaendelea kurudia mpaka tupate matokeo sahihi!

Osborne mwenyewe aliliandika hilo katika makala waliyotoa yeye na Mpemba mwaka 1969.

Sasa BabaTabata, rudi usome post yako namba moja, pale kwenye chumvi.

#8 BabaTabata, saa 4:52 usiku

Mzee wangu umenimaliza 🙏 Yule fundi ni mimi kabisa, ila mimi nageuza upande wa pili. Chumvi nimeirudisha kabatini.

#9 Namba_hazidanganyi, saa 5:15 usiku

Hakuna cha ajabu hapo. Maji ya nyuzi 100 ili yafike sifuri lazima yapite kwanza kwenye 28 ambako yale mengine yameanzia. Yakifika 28, wenzake wako mbali mbele. Ni kama mimi niko Chalinze wewe uko Kibaha, wote tunaenda Posta kwa mwendo uleule, unitangulie wewe au mimi? Mwambie mtoto aandike hivyo apewe maksi zake.

#10 Mstaafu_Lushoto, saa 5:30 usiku

Mfano wako mzuri wa barabarani, lakini gari la Chalinze likifika Kibaha siyo lile lililoondoka. Mengine yamekwisha kuwa mvuke njiani, kwa hiyo kikombe kina maji pungufu. Hewa iliyoyeyuka ndani imetoka kwa kuchemka. Na maji yenyewe yanazunguka, ya juu na ya chini hayalingani. Anayesema "28 ni 28" anasahau kwamba kipimajoto kinaonyesha sehemu moja tu ya kikombe.

#11 Namba_hazidanganyi, saa 5:41 usiku

Sawa mzee, ila na wewe malizia hadithi. Mwaka 2012 chama cha wakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza sababu vizuri zaidi. Yalikuja majibu kama 22,000. Akapewa kijana wa Zagreb, Nikola Bregović, na hata jibu lake halikumaliza ubishi. Halafu 2016 wataalamu wawili, Burridge na Linden, wakapima upya kwa makini, hawakuiona. Walichoonyesha ni kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya maji unaweza "kuiona" athari ambayo haipo.

Ndiyo, najua 2020 huko Kanada walitengeneza kitu kinachofanana kwa kichembe cha kioo. Kichembe siyo kikombe.

#12 mama_barafu, Jumatatu saa 12:10 asubuhi

Mimi nauza barafu za ubuyu na ukwaju mwaka wa nane huu, friza ya kulala. Habari za Zagreb siijui ila friza naijua. Mfuko unaogusa ukuta wa bati unaganda kabla ya wa katikati hata kama umeingia nusu saa nyuma. Wa juu ya wenzake ndio wa mwisho. Na mtoto akifunguafungua mlango hakuna kinachoganda.

Baba, vikombe vyenu vilikaa wapi na wapi?

#13 BabaTabata, saa 1:05 asubuhi

Daah. Mama, Jumamosi cha moto kiliingia mwisho, kikakaa kule ndani kabisa kwenye ukuta kwa sababu mbele kulikuwa na samaki. Jana vyote vilikaa mbele.

#14 mama_barafu, saa 1:09 asubuhi

Ndiyo hayo sasa.

#15 Mzalendo_Mbishi, saa 1:30 asubuhi

Kwa hiyo leo tunakaa hapa kumkataa Mpemba wetu? Angekuwa Mjerumani mngekubali bila hata friji. Bandika picha ya Jumamosi mkuu, heshima ya nchi.

#16 TichaMsingi, saa 10:15 jioni

Nimerudi. Mzalendo, kaa pembeni kidogo, hakuna aliyemkataa mtu.

BabaTabata, mimi nimekuwa jaji kwenye maonyesho haya mara kadhaa, nikuambie tunachokiona. Meza ishirini, kumi na tano zina kazi ya mzazi. Ukimuuliza mtoto "kwa nini uliweka hii hapa?" anamtazama mama. Kuna mwaka mtoto alisimama mbele ya mradi ambao ulikuwa umenunuliwa stesheneri, bei ilikuwa bado imebandikwa chini ya boksi. Meza moja kulikuwa na kijana aliyeotesha maharage kwenye pamba, yakaoza yote, akayaleta yameoza na kutueleza siku gani yalianza kunuka. Hatukumsahau yule.

Kwa hiyo sikufundishi namna ya kuyashindisha maji ya moto. Nakuuliza haya, na uyapeleke kwa binti, usijibu wewe. Maji yalipimwa au yalikisiwa? "Yameganda" maana yake nini: ule utando wa kwanza juu, au mpaka ndani? Vikombe viliwahi kubadilishana nafasi? Na chini ya kikombe kulikuwa na nini?

La utando ni kubwa kuliko mnavyodhani. Maji wakati mwingine yanashuka chini ya sifuri bila kuganda, yametulia tu, halafu ukigusa kikombe yanaganda mara moja. Mwingine atasema hayajaganda, mwingine atasema yameganda, kikombe kilekile.

#17 Nakuru_Boy, saa 11:02 jioni

Salamu kutoka Nakuru. Ndugu, msitumie kipimajoto cha homa. Mimi nikiwa mdogo nilichukua cha mama, kile cha kioo, nikakitia kwenye kikombe cha chai nione chai ina homa kiasi gani. Kinaishia 42. Kilipasuka tii, vile vitone vya fedha vikakimbia kwenye meza, nami nikavichezea kwa kidole. Ile ni zebaki, ni sumu. Mama alifungua madirisha yote, akatutoa nje, akaokota kwa karatasi ngumu. Fagio hakugusa. Nililala bila chakula na sikulalamika.

Kama huna cha maabara, tumia akili: maji yanayochemka Dar ni nyuzi 100 kwa sababu mko baharini. Sisi huku juu yanachemka kwenye 94 hivi. Mpemba akiwa Iringa "100" yake haikufika 100 pia 😄

#18 FundiFriji, saa 1:20 usiku

Nimeona swali la Ticha la "chini ya kikombe", hilo ni langu. Mkuu, friji lako ni lile linaloota barafu au lile lisiloota?

#19 BabaTabata, saa 1:26 usiku

Linaota. Tena sana.

#20 FundiFriji, saa 1:48 usiku

Basi sikiliza. Ule ukoko mweupe kama chumvi unaoota kwenye bati la friza umejaa hewa. Kwa friji ni sawa na godoro. Ndiyo maana wateja wangu wanalalamika friji haligandishi, nafungua nakuta ukoko vidole vitatu, nawaambia zima, yeyusha, washa. Nalipwa kwa kazi ya kitambaa.

Kikombe cha baridi ukikiweka juu ya ukoko kinakaa juu ya godoro. Cha moto kinayeyusha godoro lake, kinashuka mpaka kwenye bati, yale maji yanaganda tena yanakishika kama gundi. Kuanzia hapo kinanyonywa joto moja kwa moja. Jumamosi friza lako lilikuwa na ukoko?

#21 BabaTabata, saa 2:03 usiku

Ngoja.

#22 BabaTabata, saa 2:15 usiku

Wakuu nimetoka kumuuliza mama watoto. Jumamosi usiku, baada ya jaribio la kwanza, alizima friji akayeyusha friza lote akalifuta, kwa sababu mvuke wa "masayansi yenu" umemdondokea kwenye samaki. Jumapili tulianza na bati tupu!!!

Binti kasikia naongea, kakumbuka kwamba Jumamosi cha moto kilikataa kutoka, nikakigonga na mwiko. Cha baridi kilitoka chenyewe.

#23 FundiFriji, saa 2:17 usiku

🔧🔧🔧 Nitumie ada ya ufundi.

#24 Msema_kweli, saa 2:40 usiku

Swali la kizushi: anayefanya mradi ni mtoto au wewe na sisi? Naona tuko watu kumi, mainjinia na wauza barafu, tunamsaidia mtoto wa miaka kumi na moja. Sisi wazazi wetu hawakujua hata tunasoma mchepuo gani.

#25 BabaTabata, saa 2:55 usiku

Umenigusa mkuu. Kuanzia leo mimi nashika birika tu kwa sababu ya kuungua. Mengine yote yeye. Nitaleta mrejesho.

#26 BintiPwani, saa 3:00 usiku

Kuungua ni kweli, na glasi msitumie. Glasi ikitoka kwenye maji yanayochemka ikaingia kwenye friza inapasuka.

#27 BabaTabata, Jumapili (wiki iliyofuata) saa 2:30 usiku

MREJESHO

Wakuu, samahani kwa ukimya, nyumba imegeuka maabara.

Utaratibu kaupanga mwenyewe. Kapima maji kwa kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi, vya mililita 10, mara kumi kila kikombe. Katikati ya kila kikombe kasimamisha njiti ya mshikaki, imeshikiliwa na kipande cha boksi chenye tundu. Akiivuta haitoki, basi "yameganda". Utando wa juu hauhesabiwi. Anafungua mlango kila baada ya dakika kumi, saa imetegwa, na mama_barafu ujue nimemzuia katikati ya hapo. Kila jaribio vikombe vinabadilishana upande.

Kwenye bati letu tupu kafanya mara nne. Ya baridi yameshinda zote nne. Mojawapo njiti ya baridi iligoma kutoka baada ya saa moja na dakika arobaini, ya moto saa mbili na dakika kumi. Halafu kaweka kipande cha boksi chini ya vyote viwili, mara mbili. Baridi tena.

Sasa ukoko. Letu halijaota vya kutosha tangu lifutwe, tukaenda kwa jirani anayeuza barafu, friza lake halijaguswa tangu Idi. Tukaomba kona. Mara tatu, kila mara sehemu mpya ya ukoko. Ya moto yameshinda mara mbili, mara ya tatu ya baridi yametangulia kwa kitambo kidogo tu.

Lakini mlitakiwa muwepo wakati wa kutoa vikombe. Cha baridi kilikaa juu ya ukoko, kimeacha alama ya duara, hafifu, kama kisahani kwenye unga. Cha moto kiligoma. Tulipokimwagia maji ya vuguvugu kikatoka, pale chini pana shimo la mviringo hadi kwenye bati, kuta zake zimekuwa kioo, unaona mpaka rangi ya friza. Mtoto kaingiza kidole kazungusha, kanyamaza, halafu kasema: "Baba, kimejichimbia." Jirani kaacha wateja kaja kuangalia.

Na kitu kingine ambacho hakuna aliyemwambia. Barafu zilipoyeyuka kazipima tena kwa kile kikombe cha dawa. Ya baridi ilirudi 100, au upungufu ambao macho hayaoni. Ya moto ilirudi 94.

#28 Mstaafu_Lushoto, saa 2:51 usiku

Hizo mililita sita ndizo zilizonifurahisha kuliko shimo. Zilikuwa kwenye samaki wa mama yake.

#29 Namba_hazidanganyi, saa 3:10 usiku

Nakubali kazi ya binti, heshima kwake. Lakini mara tatu kwenye ukoko ni chache, aseme hivyo mwenyewe kabla jaji hajamwambia. Na mara sita kwa bila upande wa pili, ndiyo gari la Chalinze nililowaambia.

#30 Mzalendo_Mbishi, saa 3:22 usiku

Mbili kwa moja ugenini ni ushindi.

#31 TichaMsingi, saa 3:35 usiku

Bango je? Lile la kalamu isiyofutika?

#32 BabaTabata, saa 3:41 usiku

Nilitaka kununua manila mpya, kakataa. Kabandika karatasi mwishoni, sasa linasomeka: MAJI YA MOTO HUSHINDA LINI? Chini yake kachora miduara miwili, mmoja wa penseli hafifu, mwingine kaupaka kalamu ya bluu mpaka karatasi ikatoboka.

#33 BabaTabata, Ijumaa saa 11:50 jioni

Mrejesho wa mwisho. Namba ya kwanza imekwenda kwa volkano, ilikuwa kubwa kweli na ilimrukia jaji mmoja kwenye shati. Wetu hakupata namba. Friza hatukuweza kubeba, kwa hiyo alikuwa na bango, vikombe viwili, njiti, na daftari lenye majaribio yote kumi na matatu, hata lile la luku, na la kwanza kabisa ambalo kaandika pembeni "nafasi hazikuwa sawa".

Jaji mmoja mama wa makamo kakaa pale muda mrefu kuliko meza zote. Kamuuliza, kwa hiyo Mpemba alikosea? Mtoto kasema, "Sijui. Mimi sikutumia maziwa."

Sasa hivi navyoandika yuko jikoni anapima maziwa. Mama watoto kahamishia samaki kwa jirani.

#34 mama_barafu, saa 12:20 jioni

Hongera kwake. Mwambie sukari aipime kijiko kwa kijiko, sukari inachelewesha kuganda, mimi ukwaju wangu ukizidi sukari unabaki uji mpaka asubuhi.

#35 Mstaafu_Lushoto, saa 12:34 jioni

Na viwe vikombe vitatu, siyo viwili. Yule mwenzake Mpemba hakuchemsha kabisa. Kwa hiyo kimoja kimechemshwa kikaingia cha moto, kimoja kimechemshwa kikapoa, kimoja kibichi.

#36 BabaTabata, saa 12:36 jioni

Kasema vitatu ameshaviweka. Anauliza kama friza la jirani bado lina ukoko.